Madam na Kioo Kilichojigusa

Je, mtu akiwa njiani kwenda kutenda jambo jema, nawe ukajua kwamba kilichomwinua kitini ni jambo alilolielewa vibaya, umsimamishe umweleze, au unyamaze aende? Nimejiuliza hivyo mara nyingi tangu Madam aliponiambia kwamba anakwenda Haydom. Kila jibu ninalolipata hudumu mpaka nikumbuke namna alivyouliza kutoka jikoni, "Umepata?", na namna nilivyomjibu.

Tulimwita Madam. Walimu wengine wa kike waliitwa Madam pamoja na jina. Yeye aliitwa Madam tu, na hakuna aliyeuliza ni yupi. Habari za ukoo wake siziandiki, kwa kuwa hakutupa. Tulijua kwamba barua ya uhamisho ilimleta kijijini kwetu Nambis, wilayani Mbulu, kutoka Upareni, na kwamba alitarajia kukaa kidogo tu. "Mwakani naondoka," alikuwa akisema, na huku anachimba mashimo ya miparachichi nyuma ya nyumba ya mwalimu. Miti hiyo ilikua, ikazaa, ikazeeka, naye bado anaondoka mwakani.

Asubuhi za Nambis zina ukungu, na baridi yake hukata masikio. Madam alisimama mlangoni mwa darasa la sita, sisi tukapita mmoja mmoja. Ulisema shikamoo, na kabla hajaitikia alikushika mkono. Hakuwa anakusalimu. Alikuwa anapima. Mwenye vidole vilivyoganda alitumwa jikoni kwake akaote moto. Mwenye kucha chafu alirudishwa kisimani. Mwenye kiganja cha moto kupita kiasi alipelekwa nyumbani na Madam mwenyewe, kwa miguu, kupitia mashamba ya ngano na maharage, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa ng'ambo ya bonde. Macho yake hakuyaamini sana. Aliamini kile alichokigusa. Aligusa mkate kabla ya kuununua, aligusa ukuta wa darasa kujua kama mvua imepenya, na mbuzi wa jirani alipougua aliingiza mkono katikati ya miguu ya mnyama huyo bila kuomba ruhusa ya mwenyewe.

Kutokana na mazoea hayo alijenga imani yake kuu, ambayo tuliisikia kila siku: kitu hakijiendeshi. Kikitikisika, kuna kilichokitikisa. "Tafuta mkono," alisema. Hilo lilikuwa somo la sayansi, na lilikuwa pia sheria ya shule.

"Madam, ubao umeanguka."

"Ubao una miguu? Nani kauangusha?"

"Upepo, Madam."

"Haya, upepo nao ni mkono. Umeingilia wapi?"

"Dirishani."

"Dirisha lilijifungua?"

Hapo kila mmoja wetu alijua mazungumzo hayo yanaelekea kwa nani.

Nisingependa aonekane mkali tu. Alikuwa na ucheshi uliomshtua hata yeye. Siku moja aliitafuta miwani yake meza nzima, akalalamika kwamba imepotea. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akasema, "Madam, miwani haina miguu." Madam akaegemea ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na miwani ikaanguka kutoka kwenye nywele zake. Alikuwa pia na udhaifu wake. Alichelewa ibada karibu kila Jumapili, na kila mara kosa lilikuwa la kuku. Alisinzia wakati wa mitihani, na ukimwamsha alisema hakulala, alifumba macho. Mkono wake mwenyewe, kwa kifupi, hakuutafuta kwa bidii ile ile.

Nilipokuwa nimeshahitimu chuo kikuu, mkoa wetu uligawanywa na Mbulu na Hanang zikawekwa katika Mkoa mpya wa Manyara. Nilipita kumsalimu nikamkuta amepanda juu ya kiti, anachora mpaka kwa chaki nyekundu juu ya ramani ya ukutani ambayo bado ilituonyesha ndani ya Arusha. Mtoto mmoja akamuuliza, "Madam, mkono uliochora mpaka huu ni wa nani?"

"Wa Serikali," akajibu bila kugeuka. "Huo sishindani nao."

Sasa nifike kwenye redio.

Ilikuwa tukiwa bado shuleni, miaka ile soko lilipofunguliwa, na vitu ambavyo wazazi wetu walivipata kwa kibali au kwa kujuana vikaanza kulundikwa chini kwenye turubai za mnada: nguo za mitumba, tochi, saa, redio za kila rangi. Madam alirudi kutoka likizo na redio yake mwenyewe, akaiweka kwenye kabati la ofisi ili tusikilize vipindi vya shule. Haikuguswa na kila mtu. Aliyekabidhiwa ufunguo alikuwa Paskalina, binti wa mkulima wa kule juu, mpole, ambaye aliibeba redio ile kifuani kama anavyobebwa mtoto mchanga.

Siku moja katikati ya somo la hesabu tulisikia mtu anasoma habari ofisini. Ofisi ilikuwa imefungwa. Madam akaenda na Paskalina, kabati likafunguliwa, na redio ikakutwa inazungumza peke yake gizani. Betri zilikuwa zinakaribia kwisha, na kipindi chetu kilikuwa mchana huo.

"Uliiwasha lini?" Madam akauliza, mbele yetu.

"Sikuigusa, Madam. Imejiwasha."

Darasa zima likacheka. Madam hakucheka.

"Redio haijiwashi. Ufunguo unao wewe. Sema uliigusa, yaishe."

"Sikuigusa."

Kesho yake aliulizwa tena, mstarini, mbele ya shule. Akajibu vile vile. Na siku iliyofuata. Nadhani Madam aliamini kwamba anamfundisha ukweli. Nadhani pia kwamba kama Paskalina angesema uongo mdogo, angepewa ufunguo wake siku hiyo hiyo. Hakuusema. Siku moja hakuja shuleni. Tulisikia kwamba baba yake amesema ng'ombe hawana mchungaji, na kwamba mtoto anayeitwa mwongo kila asubuhi ni afadhali aitwe mchungaji. Madam hakuwahi kulitaja jambo hilo tena. Ila tangu hapo redio aliibeba mwenyewe, na hakuiacha bila betri za akiba. Woga wa kuishiwa betri ukawa tabia. Miaka mingi baadaye, tochi yake, simu yake, kila kitu chenye moto ndani kilikuwa kimechomekwa, hata kama kimejaa.

Nimeitaja tabia hiyo kwa sababu ndiyo iliyotuletea yote yaliyofuata.

Alipostaafu hakurudi Upareni. Alijenga kijijini Hirbadaw nyumba ndogo ya bati yenye sola juu, akafuga ng'ombe mmoja aliyemwita Mkaguzi kwa kuwa, alisema, huja kula na kuondoka bila kusaidia kazi. Mimi nafanya kazi ya ofisini Katesh. Si mbali, na kwa sababu si mbali niliahirisha kumtembelea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Macho yake yalipoanza kufifia nilimpelekea kishikwambi changu cha zamani, ili akuze herufi asome. Chaja yake ya asili ilikuwa imepotea, nikanunua nyingine mnadani, ya bei ya chini. Nilimwingiza pia kwenye kundi la simu la watu tuliosoma Nambis. Walimpokea kwa shikamoo nyingi sana. Mmoja wa waliomsalimu alikuwa Paskalina. Siku hizi anauza uji na chapati Haydom, karibu na hospitali, kwa watu wanaosindikiza wagonjwa.

Baada ya muda kishikwambi kikaanza vituko. Kilifungua kurasa, kikazifunga. Kiliandika mistari ya herufi zisizo na maana, kikazituma kwenye kundi. Watu wakajibu "Amina, Madam." Mmoja akaandika kwamba Madam amenena kwa lugha, wakacheka wiki nzima. Kisha Madam akanipigia mwenyewe.

"Kijana, hiki kitu chako kinajigusa."

"Labda kidole kinateleza, Madam."

"Kidole changu nakijua tangu kabla hujazaliwa. Njoo."

Nilikwenda Jumamosi. Tulipomaliza kusalimiana hakunipa hata chai. Alikaa, akaweka viganja magotini, akaniambia kilichotokea.

"Juzi nilikuwa nakitazama tu, nimekiweka mezani, mikono yangu hii hapa. Kikampigia mtu. Nikasikia, 'Shikamoo, Madam.' Nikauliza nani mwenzangu. 'Paskalina.' Nikashtuka. Nikasema, samahani mama, sikukupigia mimi. Sikukigusa. Kimejipigia."

Nje Mkaguzi alikuwa anasugua pembe kwenye nguzo.

"Unajua alichonijibu? Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, 'Nakuamini, Madam.' Basi. Akaniuliza hali, akanitakia siku njema."

"Pengine hakukumbuka," nikasema.

"Usinifariji kijinga. Alikumbuka." Akakigusa kioo kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa sufuria. "Miaka yote hii nimefundisha kwamba kitu hakijiendeshi. Na kinajiendesha. Yule mtoto alisema kweli, nami nikamsimamisha mstarini. Kesho napanda basi la asubuhi niende kwake. Nitapiga magoti kama yataniruhusu."

Sikuwahi kumwona hivyo. Alikuwa amesinyaa, na bado kulikuwa na wepesi fulani mwilini mwake, kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni. Aliinuka akaenda jikoni kupika, akaniachia kishikwambi.

Nilianza na yale ambayo kila mtu huanza nayo. Nilikizima nikakiwasha. Nilifuta kioo kwa kitambaa laini, maana mikono yenye mafuta ya maziwa huacha utando. Nilibandua plastiki ya juu, iliyokuwa imeingia mapovu pembeni, nikakivua na koti lake la mpira. Nilikibonyeza mgongoni kuona kama betri imevimba; haikuwa imevimba. Kioo kiliendelea kuruka. Nikafungua ukurasa wa kuchorea, nikakilaza mezani, nikaweka mikono mapajani. Vidoti vikatokea vyenyewe, kimoja baada ya kingine, vikipanda kwa mstari ulionyooka upande wa kulia. Nakiri nilisisimka. Ilikuwa kama kumtazama mtu asiyeonekana akijifunza kuandika.

Nikataka kukisogeza kwenye mwanga. Waya ukavutika, ukachomoka.

Vidoti vikakoma.

Nikangoja. Kioo kilitulia kama maji ya mtungi. Nikachomeka tena, vikaanza. Nikachomoa, vikakoma. Umeme wa nyumba ile ulitoka kwenye sola, ukapita kwenye inveta ndogo inayovuma kama nyuki, ukaingia kwenye chaja ile niliyonunua mnadani, nayo ilikuwa haiuchuji. Uchafu wa umeme huo ulifika mpaka kwenye kioo, nacho kikaudhani ni kidole. Na kwa kuwa Madam hakuruhusu kitu kiishiwe na moto, hakukichomoa hata siku moja.

"Umepata?" akaita kutoka jikoni.

Mkononi nilikuwa nimeshika waya. "Bado naangalia, Madam," nikasema, nikauchomeka tena.

Nimelichambua jibu hilo kuliko nilivyochambua maandiko yote niliyopewa chuoni. Nilijiambia kwamba namlinda Paskalina: Madam akisikia kwamba kuna chanzo, atainuka na sheria yake ya zamani, atasema kumbe kitu hakijiendeshi kweli, na safari itafutwa. Miaka yote hii mwanamke yule hakuombwa radhi, na mimi nitakuwa nimeizuia radhi kwa ajili ya chaja. Hayo yana sura ya wema. Lakini ndani yake kulikuwa na dharau. Nilimwona mwalimu wangu kama mtu ambaye wema wake hauwezi kusimama bila kosa kuushikilia, nami nikajipa kazi ya kulilinda kosa hilo. Mtu aliyenifundisha kutafuta chanzo, nilimficha chanzo.

Jioni alipasha pasi ya mkaa, akanyoosha gauni lake la kitenge, lile la Krismasi. Wakati wa chakula alikuwa mchangamfu. Alinitania kwamba mvi zangu zimezidi zake. Kisha akasema neno ambalo lilinifanya niweke chini tonge la ugali.

"Nitakwenda nacho. Pale kwake kuna umeme wa nguzo. Nitakichomeka mbele yake, aone mwenyewe kinavyojigusa. Asije akadhani ile simu ilikuwa janja yangu ya kuanzisha mazungumzo."

Nilikiona chumba cha Paskalina kana kwamba nimeketi ndani: masufuria ya uji, wateja wakichungulia, Madam amekiweka kishikwambi mezani na kusema tazama. Kwa umeme safi, kingetulia. Kisingejigusa hata mara moja. Angesimama pale na maneno ya Paskalina mdomoni, sikukigusa, na hakuna kitu cha kumshuhudia. Ningekuwa nimempeleka mwalimu wangu mstarini.

Nikaamua nitamwambia asubuhi kabla ya basi. Hapa pia siwezi kujisifu, kwa kuwa sijui kama nilichagua ukweli au niliogopa kugundulika. Niliamua, nikaenda kulala kwenye kochi, na inveta ikaendelea kuvuma.

Asubuhi alikuwa amevaa kabla yangu. Chai ilikuwa mezani, mkoba kando ya mlango. Nikasema, "Madam, kaa kidogo. Nimepata mkono."

Alikaa. Nikamwonyesha: nimechomeka, kinaruka, nimechomoa, kimetulia. Nikamweleza habari ya inveta na chaja, na kwamba niliinunua mimi. Alininyang'anya waya akafanya mwenyewe. Akachomeka, akachomoa. Akasogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akachomeka tena.

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Nilipokuuliza nikiwa jikoni?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Ukaniambia bado."

"Ndiyo, Madam."

Akanyoosha mkono akaushika wangu, kama mlangoni mwa darasa la sita. Aliushika kwa muda. Sijui alichokipima. Nilingoja aseme kwamba safari haipo, na nilijua kwamba akisema hivyo nitakuwa na hatia kwa watu wawili badala ya mmoja.

"Kwa hiyo mkono ulikuwepo," akasema.

"Ulikuwepo, Madam."

"Basi na kwenye redio ulikuwepo." Aliuachia mkono wangu. Alizungumza polepole, kama anavyozungumza mtu anayesahihisha daftari lake mwenyewe. "Kitufe kilicholegea, waya, hata panya. Nilifundisha utafutwe, mimi mwenyewe nikaacha kuutafuta nilipompata mtoto wa kumlaumu."

Barabarani honi ya basi ikasikika kutoka upande wa bonde. Akainuka, akajitazama gauni, akachukua mkoba. Kishikwambi alikiacha mezani, kimechomolewa.

"Hicho kibaki. Nilitaka kwenda na shahidi."

"Nikusindikize, Madam."

Aligeuka mlangoni. "Siku ile ya redio ulikuwepo darasani?"

"Nilikuwepo."

"Ulicheka?"

"Tulicheka wote."

"Basi na wewe safari unayo. Lakini si leo. Leo ni yangu."

Nilimfuata hadi barabarani hata hivyo, nikasimama hatua chache nyuma yake. Basi lilikuwa limejaa wagonjwa na wasindikizaji wao, blanketi na chupa za chai zikiwa zimebanwa madirishani. Konda, kijana wa kofia ya sufu, akanyoosha mkono amvute. Madam hakupanda mara moja. Aliushika mkono ule kwanza, akaupima.

"Shikamoo, bibi. Unakwenda hospitali?"

"Marahaba. Hapana, baba," akasema, akaweka mguu kwenye ngazi. "Nakwenda kwa mwanafunzi wangu."